Ploti ya kukodi au porini: mboga ya nyumba yako itoke wapi?

Jirani yangu, binti aliyeolewa mwaka jana akahamia hapa Walukuba, alinijia wiki iliyopita na swali ambalo najua linasumbua nyumba nyingi za Jinja. Mumewe anaendesha bodaboda, yeye anafulia watu nguo, na fungu la mboga ya nakati la shilingi 1,000 halitoshi tena watu wanne. Ameonyeshwa kipande cha ardhi upande wa Masese, kinakodishwa kwa msimu. Papo hapo wako akina mama wa mtaa wake wanaotoka Jumamosi alfajiri kwenda kuchuma mboga za mwituni na uyoga, wakarudi na makapu bila kumlipa mtu. Akaniuliza, "Mama, nitoe hela ya ploti au niwafuate wale?"

Siku hiyo nilimjibu nusu, maana sufuria ilikuwa jikoni na wageni mlangoni. Jibu kamili ni hili, kwake na kwa yeyote aliye kwenye njia panda hiyo. Nimelima ploti za kukodi kwa zaidi ya miaka kumi, na porini nimeingia tangu utoto nikishika kanga ya shangazi. Navipenda vyote viwili. Ila ukidhani ni njia mbili za kupata kitu kimoja, utapoteza hela upande huu na kuhatarisha watoto upande ule.

Ploti ni ipi, pori ni lipi

Tukisema ploti hapa Uganda, kichwani inakuja ile hamsini kwa mia: futi 50 kwa 100, karibu desimali kumi na moja na nusu, au mita za mraba 465 hivi. Kwa mboga za kula nyumbani huhitaji yote. Robo yake tu, ikitunzwa, imelisha nyumba yangu ya watu sita majani ya siku nne au tano za wiki. Ndiyo maana wengi hapa hukodi wawili au watatu wakagawana.

Pori nalo si lazima liwe Mabira. Msitu ule una zaidi ya kilomita za mraba 300 na barabara kuu ya Kampala inaupasua, lakini mama wa Walukuba hapandi gari kwenda kutafuta mboga. Pori lake ni kingo za mashamba ya miwa, mashamba yaliyolazwa, vichaka vya kandokando ya reli, mabonde yanayoteremkia ziwani, na vichuguu. Huko ndiko inakotoka nderema inayopanda juu ya vichaka na majani yake manene yanayoteleza mdomoni. Mnavu, ambao sokoni tunauita nsugga. Mchicha wa miiba. Na sere changa, yaani kishona nguo, ile yenye mbegu nyeusi zinazonasa kwenye gauni ukipita. Na ntuntunu ndani ya vifuko vyake, ambazo watoto huzimaliza kabla hazijafika nyumbani.

Bei ya kila upande

Ploti inakudai mapema. Kodi unalipa kabla hujagusa jembe, kisha mbegu, kisha mbolea, halafu unasubiri. Dodo, yaani mchicha, unaanza kuila baada ya wiki tatu au nne. Nakati inataka wiki nane hivi. Sukuma, ukihesabu tangu kuatika kitaluni hadi jani la kwanza la kuchuma, ni miezi miwili na zaidi, ingawa ikishaanza inakupa kwa miezi mingi. Kwa hiyo kama njaa iko leo, ploti uliyolipia leo haikusaidii leo.

Gharama inayowashinda watu, na ambayo hawaiweki kwenye hesabu, ni maji. Chukua tuta la mita za mraba 10. Jua la Januari likiwaka, tuta hilo linanywa milimita nne hivi kwa siku, maana yake lita 40: jerikeni mbili. Ukiwa na matuta sita, ni jerikeni kumi na mbili kila siku, kabla hujapika wala hujaogesha mtoto. Ukiyanunua maji hayo kwa jerikeni kwenye bomba, mboga yako itakuwa ghali kuliko ya sokoni, na bado mgongo umeuma. Ndiyo maana nikionyeshwa ploti, kabla sijauliza kodi nauliza maji yako wapi. Kama yako mbali, ploti hiyo ni ya mvua tu: Machi hadi Mei, tena Septemba hadi Novemba. Kiangazi uiachie viazi vitamu, ambavyo vitavumilia na kukupa matembele.

Pori halidai shilingi. Linadai muda, nusu siku nzima mara nyingi, na haliahidi kitu. Jumamosi moja kapu linajaa, nyingine unarudi na konzi ya mnavu. Na linadai elimu, ambayo haiuzwi kwa fungu. Shangazi yangu hakuniruhusu kupika mmea wowote niliouona katika umri mmoja tu. Alitaka niujue ukiwa mche, ukiwa na maua, ukiwa na matunda, na ukiwa mkavu. Mnavu, kwa mfano, tunda lake likiwa bichi la kijani halifai kuliwa, na majani yenyewe lazima yapikwe. Kwa utaratibu wake, mmea mmoja ulinichukua mwaka mzima. Kwa mtu anayeanza leo bila shangazi wa namna hiyo, hii ndiyo gharama kubwa kuliko kodi ya ardhi, na ndiyo ambayo watu huipuuza wakisema mboga za porini ni za bure.

Kinachopendeza kulimwa

Nakati ndiyo inayonifanya niendelee kukodi ardhi. Mbegu zake ni ndogo mno. Nazichanganya na mchanga mkavu ndipo nizimwage, la sivyo zinaangukia mahali pamoja na miche inasongana. Ikifika wiki ya nane naenda kabla jua halijapanda, ardhi bado ina umande, nachuchumaa na kisu. Wauzaji huing'oa na mizizi yake ili fungu lisilegee haraka. Mimi nakata shibiri moja juu ya udongo, nikiacha vifundo vichache, na baada ya wiki mbili tatu vichipukizi vipya vimetoka kila upande wa shina. Tuta moja linanipa mavuno kadhaa namna hiyo kabla halijachoka.

Lakini sababu ya kweli ya kuilima mwenyewe ni kwamba nakati ina tabia ya kulala. Ikae juani dakika chache, majani yananyauka kama kitambaa. Ile ya sokoni imetoka shambani jana, imelowekwa maji, imelala ikaamshwa, imelala tena. Yangu inatoka ardhini saa kumi na mbili asubuhi na saa sita imeshafungwa kwenye jani la mgomba juu ya matoke, ikiiva kwa mvuke. Ladha yake ya uchungu mdogo inabaki pale pale, haijageuka kuwa kamba. Hakuna pori litakalokupa hilo kila wiki.

Bustani ina faida nyingine ambayo hatuisemi sana: ina wasomi wake. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa, vilivyojaa kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, vimefanyiwa kazi kwa miaka mingi na watafiti wakiwemo wa Uganda. Robert Mwanga, mtafiti wetu, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis, kwa kazi ya kuyaongezea mazao virutubisho. Ukipanda mche wa aina hizo kwenye ploti yako, umepanda jasho la watu hao. Nderema ya kichakani haina mtetezi wa namna hiyo. Ina bibi zetu tu.

Kisicholimika

Sasa nije kwenye pori lenyewe, maana kuna vitu ambavyo hata ukikodi ekari kumi huvipati.

Cha kwanza ni uyoga wa kichuguu. Usiuchanganye na ule unaooteshwa kwenye mifuko juu ya taka za pamba. Huo ni mwingine kabisa na unaweza kuulima chumbani. Uyoga wa kichuguu una mkulima wake tayari, naye ni mchwa. Mchwa hutafuna majani makavu na vijiti, wakajenga kitu kama sega chini ya ardhi, na juu ya sega hilo wanaotesha kuvu ambayo ndiyo chakula chao. Mvua ikishanyesha vya kutosha, kuvu hiyo inasukuma uyoga hadi juu. Binadamu hawezi kuupanda kwa sababu hana mchwa wa kumtumikia. Tunaukuta tu.

Ule mkubwa nauvuna hivi. Sikati. Napiga goti, naingiza vidole viwili pembeni mwa shina na kuchimbua udongo taratibu, kwa sababu uyoga huu una mkia. Shina halikomei ardhini. Linaendelea chini likiwa jembamba, gumu, limepakwa udongo mweusi, likitafuta sega la mchwa lilipo. Nimewahi kuufuata mkia mmoja hadi kiwiko kikazama. Juu, kofia ina chuchu ngumu katikati, ambayo ndiyo iliyotoboa ardhi, na chini ya shina hakuna kikombe. Ukiuvunja unanukia kama unga uliolowa.

Nayaeleza haya ili uuone, wala usiyachukue kuwa ruhusa ya kwenda kuchuma. Kwa sababu mdogo wake, bubaala, ule unaotoka kwa mamia kama shanga zilizomwagika, hauna mkia kabisa. Huo huota mahali ambapo mchwa wametoa vipande vya sega lao na kuviacha juu ya ardhi. Kwa hiyo anayeshika kanuni moja tu, "wenye mkia ni salama", ataukataa ulio mzuri, na siku nyingine ataukubali wenye sumu ambao nao una mzizi mrefu. Kwenye nyasi za viwanja vyetu unaota uyoga mwingine mkubwa, kofia nyeupe yenye magamba ya kahawia, unaopendeza kuliko wote. Ukikomaa, vile vikunjo vyembamba vya chini ya kofia hugeuka vya kijani hafifu. Ukiwa mchanga huwezi kuona dalili hiyo. Anayeula hutapika na kuharisha ndani ya saa chache.

Na kuna wanaoua. Sumu yao haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuanika. Mgonjwa anakaa saa sita, hata ishirini na nne, bila dalili, ndipo tumbo linaanza. Kisha anapata nafuu ya uongo, watu wanamshukuru Mungu, na wakati huo ini linaharibika. Kwa hiyo yule anayekuambia aliula jana usiku na asubuhi yu mzima hajakuthibitishia kitu. Wala sarafu ya fedha ndani ya sufuria, wala kitunguu saumu kisichobadilika rangi, wala konokono aliyekwisha kuutafuna. Mtu akitapika baada ya kula uyoga, usisubiri kupambazuke. Mpeleke hospitali, na uchukue mabaki mabichi kama yapo.

(Na ukipata mwingi ukataka kumgawia jirani Mganda, muulize kwanza ukoo wake. Watu wa ukoo wa Butiko hawali uyoga. Ndio mwiko wao. Hali kadhalika senene, wale panzi wa kuliwa, kwa ukoo wa Nsenene.)

Senene wenyewe ni fungu la pili la visivyolimika. Kwa Kiganda Novemba inaitwa Musenene kwa sababu yao. Tena wanarudi kidogo Aprili na Mei. Watu wa Masaka wanawatega kwa mataa makali na mabati yanayowaongoza ndani ya mapipa, lakini hata taa ya barabarani hapa Jinja, usiku wa msimu, ina watoto chini yake na chupa mkononi. Kazi ni nyumbani: kung'oa mabawa na miguu mmoja mmoja, mpaka vidole vinakuwa na mafuta. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wao mkavu ni protini, na mafuta nayo hayapungui sana hapo. Kumbikumbi ni vivyo hivyo, mvua za kwanza zikigonga kichuguu.

Halafu malewa, machipukizi ya mianzi kutoka Mlima Elgon, ambayo tunayapata hapa yakiwa yameshakaushwa kwa moshi na kuletwa kupitia Mbale. Wagisu hulainisha kwa maji ya majivu, wakachemsha kwa muda mrefu, ndipo wakatia karanga zilizosagwa. Mianzi hiyo iko ndani ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 1993, na wanaochuma kihalali huchuma kwa makubaliano kati ya jamii na Mamlaka ya Wanyamapori, kwa msimu wake. Mimi nayanunua, sijawahi kuyachuma wala sikushauri upande mlima kuyatafuta.

Kaskazini wana hoja nzito kuliko yetu. Mti wa moo yaa, yaani shea, unaotoa yale mafuta ya kupikia na kupaka, ni nadra kupandwa; unasubiri miaka kumi na tano hadi ishirini ndipo uzae. Matunda yake huanguka katika ile miezi ya katikati ya mwaka ambapo ghala limeisha na shamba halijaiva. Kwa mama wa Acholi au Lango, kulinganisha shamba na pori si suala la ladha, maana pori ndilo linalomvusha hadi shamba lifike. Ndiyo sababu inaniuma kila nikiona gunia la makaa limetoka kwenye mti huo.

Si kila cha kulimwa ni safi

Wengi wakishasikia habari za uyoga wanakimbilia bustani wakidhani huko hakuna hatari. Ipo, ila inakuja polepole. Utafiti uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2006 ulipima risasi, yaani ile metali nzito, kwenye mboga za majani zilizolimwa kando ya barabara zenye magari mengi. Kadiri shamba lilivyokaribia lami ndivyo majani yalivyobeba metali nyingi zaidi, na watafiti wakashauri mboga za majani zilimwe mita 30 kutoka barabarani. Mita 30 ni hatua arobaini hivi za mtu mzima. Hesabu hatua hizo kabla hujalipa kodi. Hesabu pia umbali wa mfereji wa maji machafu, na uulize juu yake kuna kiwanda au gereji gani, kwa sababu mtaa wetu huu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda na viwanda havikukosa taka.

Kanuni hiyo inamhusu mchumaji vilevile. Dodo iliyojiotea kando ya lami ina udongo uleule na moshi uleule. Kwamba haikupandwa na mtu haiifanyi kuwa safi. Akina mama wa Jumamosi nimewauliza wanachuma wapi. Wale wanaoteremka mabondeni kwenye mashamba yaliyolazwa, sawa. Wale wanaochuma kando ya barabara kuu, hapana, hata kama kapu lao ndilo linalojaa haraka. Na ukingo wa shamba la miwa, uliza kwanza kama dawa ya kuua magugu imepigwa karibuni.

Kwenye ploti yako mwenyewe angalau unajua kilichopigwa. Vidukari wakivamia sukuma nawapiga kwa maji ya sabuni asubuhi na jioni, majani yaliyojikunja nayakata na kuwapa kuku. Nikishindwa, nang'oa. Sijaona sababu ya kumlisha mtoto dawa ili kuokoa miche ishirini.

Nani mwenyewe?

Hapa nitasema yaliyonipata. Msimu mmoja nilikodi robo ploti kwa maneno ya mdomo, nikatoa hela yote mkononi, nikapanda nakati, ntula (nyanya chungu) na matuta mawili ya sukuma. Wiki ya sita nikakuta lori la matofali limemwaga mzigo juu ya kitalu. Ardhi ilikuwa imeuzwa. Mwenye ardhi alinipa pole, kodi hakunirudishia, na sikuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu. Nililia pale pale, si kwa ajili ya hela, kwa ajili ya ile nakati iliyokuwa imebakiza wiki mbili.

Tangu hapo nimekuwa na utaratibu: karatasi moja, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, maneno kwamba ardhi ikiuzwa nitavuna kwanza, sahihi zetu, na muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Mwenye ardhi akikataa kuandika, amekwisha kukujibu.

Pori nalo lina wenyewe, ingawa halina ukuta. Kichuguu kilicho kwenye shamba la mtu ni cha mtu huyo, na kumbikumbi wanaotoka humo ni wake. Watu wamegombana vibaya kwa hilo. Katika misitu ya hifadhi, Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inamruhusu mkazi wa jirani kuchukua kuni kavu au mianzi bila malipo, kwa kiasi cha matumizi ya nyumbani na kwa kufuata mpango wa usimamizi wa msitu huo. Haisemi uingie na panga uchukue unachotaka. Kwa mengine, waulize maofisa wa msitu kabla, na kama kijiji kina makubaliano ya pamoja na Mamlaka ya Misitu, pita humo.

Ukingo wa ploti

Kitu nilichochelewa kukigundua ni kwamba sehemu kubwa ya mboga za mwituni tunazozifuata mbali hazipendi msitu. Zinapenda udongo uliochimbuliwa na kutiwa mbolea. Mnavu, mchicha wa miiba, sere, jjobyo (mgagani, ile ya harufu kali): zote ni magugu ya shambani. Tunazipalilia, tunazitupa nje ya ua, kisha Jumamosi tunatembea kilomita tano kuzitafuta.

Siku hizi naacha ukanda wa upana wa hatua moja kuzunguka ploti bila kupalilia. Naupitia mara moja kwa wiki, nang'oa nyasi na visivyolika, vilivyobaki naviacha. Humo nachuma mnavu na jjobyo bila kuzipanda, katika udongo ninaoujua, mbali na lami, na hakuna anayeniuliza nimetoka wapi. Jjobyo naikata maua kila yanapotokea ili iendelee kutoa majani, isipokuwa miche mitatu minne naiacha izae mbegu. Mbegu hizo usizipande msimu huohuo, zitaota vibaya. Zinataka kulala kwanza, miezi mitatu au zaidi, mahali pakavu.

Basi, uchague vipi

Kama una mtoto mdogo, maji yako karibu, na mwenye ardhi amekubali kuandika, chukua ploti. Watoto wanahitaji mboga za majani kila siku, na "kila siku" ndilo neno ambalo pori haliwezi kulitamka. Anza na dodo na sunsa, yaani majani ya maboga, ili usikate tamaa ukisubiri nakati.

Kama unatoka kazini saa moja usiku, usikodi peke yako. Tafuta mwenzako wa asubuhi.

Kama huna hela ya kodi wala maji, bustani ya magunia mlangoni itakupa sukuma na dodo kwa maji ya kuoshea mchele, na huko porini nenda kwa ajili ya majani mawili matatu ambayo umeshayajua tangu kwenu. Kama ulilelewa na bibi aliyekufundisha mimea, usiuache ujuzi huo ufe kwa sababu tu sasa una ploti. Mchukue mtoto mmoja uende naye msimu wa mvua. Na kama hukufundishwa na mtu, basi uyoga uununue kwa mama unayemjua, au uuache.

Huyu binti yangu nimemwambia akodi robo, wagawane kodi na shoga yake, na karatasi nitaandika mimi twende nayo kwa mwenyekiti. Jumamosi awafuate wale akina mama wa mabondeni, akabebe nderema na kumbikumbi, macho wazi na mdomo ukiuliza. Nimeshampa kazi ya kwanza: Jumapili aje na karatasi ya kufungia. Mbegu zangu za jjobyo nilivuna mwezi wa kumi zikakaa ndani ya chupa juu ya kabati, na mvua za Machi ziko karibu.